Kocha Asiye na Kiti

Walimchagua Feruzi Lukumani kuwa kocha Jumapili mchana, mbele ya timu nzima, kwa makofi, na hapakuwa na hata mmoja aliyejiuliza kocha huyo atakaa juu ya nini.

Tusiwalaumu sana. Kocha waliyemzoea, tonton Lambert, alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo mwenye miguu yake yote miwili, na kazi yake aliifanya akitembea pembeni mwa uwanja na kufoka. Alipofanikiwa kuondoka kwenda kwa watoto wake Kinshasa, aliacha filimbi tu. Sasa filimbi hiyo ilivishwa shingoni mwa Feruzi, ambaye kwa miaka ishirini na miwili alivaa namba saba katika timu ya mpira wa kikapu ya walemavu wa Kisangani. Polio ilimchukua miguu akiwa na miaka mitatu. Mikono ndiyo iliyomtangaza. Watu walitoka Mangobo na Makiso kwa miguu kuja kumwona akirusha mpira kutoka mbali, na ulipoingia walilitaja jina lake mpaka jioni. Lakini bega la kulia lilikuwa limekwisha. Akiinua mkono kujinawisha uso tu, jasho linamtoka. Kumfanya kocha kulikuwa kumwondoa kwa heshima, naye alilijua hilo, na bado alifurahi kama mtoto.

"Bon," alisema Papa Célestin, rais wa klabu, fundi wa kuchomelea vyuma aliyetembelea baiskeli ya mikono yenye magurudumu matatu. "Match iko tarehe ishirini na munane, mwezi wa kumi. Tutacheza na basoda ba kambi ya Kapalata, bale balikatika miguu kwa vita. Bazungu ba shirika bataangalia. Timu yenye itacheza muzuri itapata viti kumi ya mupya. Kumi, munasikia? Donc, Coach, kiti yako utamuletea Marthe mercredi."

Feruzi alikuwa bado anacheka. Aliendelea kucheka kidogo, kwa sababu hakujua afanye nini kingine na uso wake.

Sheria ilikuwa wazi, na aliyeitunga ni yeye mwenyewe alipokuwa nahodha. Kiti cha magurudumu ni cha mchezaji. Siku mtu anaacha kucheza, anakirudisha kikiwa kimesafishwa kwa mafuta ya taa. Miaka sita nyuma, mikono ya mzee Juma ilipoanza kutetemeka, Feruzi ndiye aliyekwenda kukichukua kiti nyumbani kwake, na alikivuta nje bila kuangalia nyuma. Tena wakati ule viti vilikuwa tisa. Juni ya mwaka uliopita, majeshi mawili ya kigeni yalipopigana siku sita ndani ya mji, bomu liliangukia stoo ya klabu, vikabaki vitano. Vitano kwa wachezaji watano, basi.

Marthe alikuwa ameketi chini, juu ya katoni ya sabuni, magongo yake yameegemea ukuta. Kabla ya vita hivyo alichezea timu ya wanawake, akiruka juu kuliko wenzake wote. Siku ya pili ya mapigano bomu lilimkata mguu wa kushoto mlangoni mwa nyumba yake. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na tangu aanze kuja mazoezini alikuwa akingoja kiti miezi mitano.

"Merci, Coach," alisema.

*

Nyumbani, mke wake Clémence alipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Kisha akatulia ghafla.

"Na kiti?"

"Nitakirudisha mercredi."

"Weye, Feruzi! Na samaki?"

Clémence alikuwa mtu wa Yanonge. Kila Jumanne na Ijumaa alfajiri, mtumbwi wa kaka zake ulileta samaki wa moshi mpaka ufukweni mwa mji, na samaki hao walipanda hadi sokoni juu ya mapaja ya Feruzi, vikapu viwili vimefungwa kwa kamba, mke akisukuma kwa nyuma. Ndivyo walivyokula. Toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, zingewamaliza: moja kwa samaki, moja kwa mume, faida yote inabaki kwa wenye baiskeli.

"Kiti haiko yangu, Clémence."

"Najua haiko yako. Miguu njo iko yako? Utaenda ku mosquée ginsi gani? Utatambaa?"

Neno hilo halikuwahi kutajwa ndani ya nyumba ile. Ndani, Feruzi alitambaa, ndiyo, kila mtu anafanya anavyoweza chumbani kwake. Lakini barabarani watu hawakuwahi kumwona chini. Walimwona amekaa, kifua mbele, shati limepigwa pasi.

Binti yao, Nyota, alikuwa akipepeta mchele mlangoni. Alikuwa na miaka kumi na sita, umri ambao mtu anaona aibu hata kwa kivuli chake.

"Papa," alisema bila kuinua macho, "batu ya masomo bataona?"

Siku ya Jumatano, badala ya kusafisha kiti kwa mafuta ya taa, Feruzi alikilaza ubavuni na kuzitoa beringi za gurudumu la kulia, zile pete za chuma zenye gololi ndani. Alizifunga kwa kitambaa, akazificha kwenye kopo la maziwa. Aliifanya kazi hiyo vizuri, kwa mikono iliyozoea, na muda wote moyo ulimwambia: wee mtu mzima, unafanya nini?

Kwa Papa Célestin alituma salamu: roulement, yaani beringi, zimekufa, kiti hakiendi, anatafuta nyingine mjini.

*

Uongo huo ulikuwa na kasoro moja ambayo hakuifikiria. Ikiwa kiti hakiendi, basi na yeye haendi. Ilimbidi aje mazoezini kwa toleka.

Alifika amekaa nyuma ya baiskeli, miguu imefungwa kwa kitambaa cha Clémence isiingie kwenye spoku. Mwenye toleka akaiegemeza baiskeli ukutani na kungoja amshushe.

"Acha. Niko muzuri hapa," alisema Feruzi.

"Papa, mi niko na bateja bengine."

"Nitakulipa saa nzima."

Kwa hiyo timu ikafundishwa kutoka kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Feruzi alijishika kwa mkono mmoja kwenye dirisha la parokia iliyopakana na uwanja na kwa mkono mwingine akaonyesha. Alipopuliza filimbi kwa nguvu, baiskeli iliyumba na mwenye toleka akaikimbilia. Wapita njia walicheka waziwazi. Wachezaji hawakucheka, na hiyo ilimuuma zaidi.

Viti vilikuwa vinne. Wachezaji wakawa wanashuka kwa zamu ili Marthe apate kujaribu, dakika kumi hapa, dakika kumi pale. Nassoro, kijana wa Kabondo mwenye mabega kama ya mchukuzi, alimpa cha kwake. Mara ya kwanza Marthe alizungusha magurudumu kama mtu anayesukuma mlango asioujua. Mara ya tatu alipokea mpira chini ya kikapu, akageuka kwa mkono mmoja na kurusha kwa mwingine, na mpira ukapita bila kugusa chuma.

Feruzi alijua mpira unapokwenda hivyo, anayerusha ni mtu wa namna gani. Alitakiwa kufurahi. Badala yake alisikia wivu, wivu wa uzee, na mara tu akaona haya kwa wivu huo, kwa sababu mwanamke yule alikuwa anahema kwenye kiti cha kuazima na kumtazama yeye, akingoja kocha aseme neno.

"Inua kiwiko," alisema tu.

"Oui, Coach."

*

Ijumaa alfajiri alizirudisha beringi kwenye gurudumu. Samaki walikuwa wengi wiki ile, na alijiambia kwamba hakuna mtu wa klabu anayeamka saa hiyo kwenda mtoni.

Walikuwa wanapandisha kutoka ufukweni, vikapu viwili juu ya mapaja, Clémence anasukuma na kuhema, pale Marthe alipotokea mbele yao kwa magongo yake, mfuko mtupu umening'inia shingoni. Alikuja kununua samaki kwa bei ya mtumbwini. Barabara ilikuwa nyembamba. Hapakuwa na pa kujificha, na mtu mwenye vikapu viwili vya samaki mapajani hawezi hata kuinama.

"Bonjour, Coach. Bonjour, mama."

"Bonjour, Marthe," alijibu Clémence.

Marthe aliangalia gurudumu la kulia. Aliliangalia kwa muda wa kutosha.

"Ah. Roulement zimepatikana."

"Za... za kuazima," alisema Feruzi. "Za leo tu. Mwenyewe atazikamata mchana."

"Bon." Marthe alijisogeza pembeni kuwapisha, na kwa mtu wa mguu mmoja kwenye mteremko ule kusogea si kazi ndogo. "Alors, tutaonana terrain, ku mazoezi."

Clémence alisukuma mpaka wakafika kwenye lami, kisha akasimama.

"Ule mama anatoka mbali na magongo, anakupisha we njia," alisema. "Feruzi, mi nilisikia haya mpaka kwa tumbo."

"Sukuma."

"Nasukuma. Lakini nimesema."

Mazoezi yaliyofuata Feruzi aliyakwepa macho ya Marthe. Alingoja kusikia minong'ono, akangoja Papa Célestin amwite pembeni. Hakuitwa. Marthe alisalimia kama kawaida, akangoja zamu yake kwenye katoni ya sabuni, na ilipofika akacheza. Afadhali angemtukana mbele ya wote, basi wangemaliza.

*

Jumamosi, siku moja kabla ya mechi, Papa Célestin alikuja nyumbani. Alikuja kwa magongo, yeye ambaye kwa miaka kumi hakuonekana bila baiskeli yake ya mikono, na nguo zake zilikuwa zimelowa jasho kuanzia kola hadi mkanda. Kutoka karakana yake hadi pale ni mwendo wa saa nzima kwa mtu kama yeye.

Nyota alimletea stuli. Clémence alimletea maji. Kiti cha magurudumu kilikuwa kimeegemea ukuta wa jiko, gurudumu la kulia limeondolewa, kama ilivyokuwa kawaida siku ambazo hazikuwa za samaki.

"Batu ya mujini banauza roulement bei ya almasi," alisema mzee alipopata pumzi. Alitoa karatasi mfukoni, akaifungua polepole. Ndani zilikuwamo beringi mbili, zinang'aa kwa grisi. "Nimetoa ya tricycle yangu. Saizi iko sawa, nilipima. Kamata, Coach. Funga leo, kesho tucheze batu batano."

Feruzi aliziangalia. Huu ndio ulikuwa wakati wa kusema. Maneno yenyewe yalikuwa machache, mtoto angeyasema. Lakini Nyota alikuwa amesimama pale pale na bilauri mkononi, na Feruzi alimwona anavyomtazama baba yake kwa fahari, kwamba mzee mzima ametembea namna ile kwa ajili yake.

"Merci, Papa Célestin," alisema, akapokea.

Mzee alikunywa maji mpaka mwisho, akashukuru, akaondoka. Walisikia magongo yake yakigonga chini hadi kwenye kona, na baada ya kona wakayasikia bado.

Clémence alikwenda jikoni, akarudi na kopo la maziwa. Alilifungua, akamimina vilivyomo kwenye mkeka mbele ya mumewe. Beringi mbili zikaangukia karibu na zile mbili za mzee. Alikuwa amejua tangu Jumatano ile ya kwanza, kwani ni mke gani asiyejua kilichomo kwenye makopo yake?

"Mi nilitaka kiti juu ya samaki," alisema. Sauti yake haikupanda. "Sikukatala, ulipodanganya nilinyamaza, mi pia niko na makosa. Lakini ule muzee amekuja na magongo, na we umekamata. Nyota!"

"Mama."

"Kesho asubui utasukuma hii kiti mpaka terrain. Utamupa Marthe mu mikono."

Nyota alitazama beringi nne kwenye mkeka. Alihesabu, akaelewa. Aliiweka bilauri chini taratibu, akaingia ndani, na Feruzi alibaki na vyuma vyake vinne, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, hana pa kuficha uso.

*

Siku ya mechi walinzi walikuwa wengi kuliko watazamaji. Kulikuwa na magari meupe ya wageni, na wanajeshi wa waasi walioushika mji wamesimama langoni na bunduki, wakiwafukuza wauza mikate na ombaomba wasije wakawasumbua wazungu.

Toleka ilimshusha Feruzi hatua thelathini kutoka langoni. Baiskeli haziruhusiwi, walisema. Alivaa kandambili mikononi, akajifunga vipande vya mpira wa tairi magotini, na kwa mara ya kwanza mbele ya mji wake akatambaa. Shati lilikuwa limepigwa pasi. Lilichafuka kabla hajafika nusu ya njia.

"Hapana, muzee," alisema mlinzi. "Leo hapana kuomba. Rudia nyuma."

"Mi ni coach."

Mlinzi alicheka, akamwita mwenzake aje kusikia. "Huyu anasema iko coach!"

Feruzi aliinua filimbi iliyokuwa imejaa vumbi kifuani. Wakacheka zaidi. Ndani, mechi ilikuwa imeshaanza, alisikia magurudumu yakigongana na sauti ya Nassoro ikiomba mpira. Mama mmoja mzungu aliyekuwa akichelewa kuingia aliinama, akamwekea noti ya faranga mia mbele ya mkono, akamtabasamia.

Nyota alikuwa upande wa ndani wa lango, pamoja na wasichana watatu wa shule. Aliona yote. Feruzi alimwona anaona, akainamisha kichwa ili amrahisishie. Msichana akitaka kugeuka, ageuke.

"We unamujua huyu?" mlinzi alimuuliza Nyota, maana msichana alikuwa ameacha wenzake na kusogea.

"Iko papa yangu."

"Sema kwa nguvu."

"Iko papa yangu!" Nyota alipiga kelele mpaka safu ya nyuma ikageuka. "Iko coach! Mumuache apite!"

Alipita. Nyota aliiokota ile noti, akamrudishia mama mzungu mkononi, kisha akatembea kando ya baba yake hadi kwenye benchi, hatua fupi fupi, kwa mwendo wa baba. Alikuwa analia kwa hasira na aibu, na hakujifuta.

*

Kapalata walikuwa mbele, kumi na nane kwa kumi na nne. Marthe alikuwa kwenye kiti cha Feruzi, kimerudishiwa beringi zake na kusafishwa kwa mafuta ya taa hadi kinang'aa, lakini kila alipoelekea kikapuni sajini mmoja mnene alimfungia njia kwa kiti chake, na mpira ukapotea. Zilibaki dakika nne. Feruzi aliomba mapumziko.

Wachezaji watano walimzunguka. Hakuwahi kuwatazama kutoka chini. Aliona nyayo zao zisizosimama, mikanda ya kufungia mapaja, na nyuso zao juu kabisa, na akajua kwamba hivi ndivyo Marthe alivyowatazama miezi mitano kutoka kwenye katoni ya sabuni. Alipeleka mkono mfukoni, akatoa beringi za Papa Célestin, ambaye alikuwa amekaa kwenye benchi na magongo yake.

"Papa Célestin, zako hizi," alisema. "Roulement za kiti hazikukufa. Nilizitoa mi mwenyewe. Nilidanganya bote. Nilisikia haya ya kutambaa, basi..." Akaziweka kwenye benchi, karibu na magongo.

Wachezaji waliangaliana.

"Tunajua, Coach," alisema Marthe.

"Nani alikuambia?"

"Mi niliona. Papa Célestin pia aliona magamba ya samaki mu shati yako, tangu juma ya kwanza, akajua kiti inatembea. Alituambia tusikuulize. Alisema atakuletea roulement yake, upate njia ya kurudisha kiti bila mutu kujua." Alijifuta jasho kwa kiwiko. "Coach, dakika zinaisha. Ule sergent ananifunga. Sema tufanye nini."

Feruzi alimtazama mzee. Mzee alikuwa akiangalia upande wa pili wa uwanja, kana kwamba huko kuna jambo muhimu sana. Saa nzima ya magongo, ile jana, ilikuwa ya kumsitiri yeye, na yeye alikuwa amenyoosha mkono na kupokea mbele ya mtoto wake. Angetamani saruji ya uwanja ipasuke immeze.

Haikupasuka. Akaweka mikono chini, akaingia uwanjani.

Alitambaa mbele ya wageni, mbele ya wanajeshi, mbele ya wasichana watatu wa shule, hadi upande wa kushoto wa kikapu. Watu wengine walidhani amerukwa na akili.

"Nassoro! Gurudumu yako isimame hapa," alisema, akavua kandambili ya mkono wa kulia na kuiweka juu ya saruji. "Hapa, si pale. Sergent akija, atakugonga we, hataweza kugeuka. Marthe, unapita huku." Akatambaa njia yenyewe, nusu duara, bega likimchoma, akamwonyesha hadi pa kusimamia. "Kiwiko juu. Usiangalie sergent. Angalia chuma. Umesikia?"

"Oui, Coach."

"Tena nionyeshe."

Marthe alizungusha magurudumu, akapita alipopita yeye, akasimama aliposimama. Filimbi ya mwamuzi ikalia. Mwamuzi alikuwa mwanajeshi wa Kapalata, mpira kwapani, anataka kuendelea.

"Coach," aliita, "toa sapato yako terrain, tunaanza."

"Pole," alisema Feruzi. Akarudi kuichukua kandambili, akaivaa mkononi, akatambaa kutoka nje ya mstari.